Bwawa Lisilo na Maji: Dayton na Gharika ya 1913

Kaskazini kidogo ya mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio, kuna bwawa ambalo mgeni akionyeshwa huuliza maji yako wapi. Ukuta wake ni tuta la udongo lililokata bonde zima, urefu wake kama mita 1,400 na kimo chake zaidi ya mita 30, na magari yanapita juu yake kama barabara nyingine yoyote. Nyuma ya ukuta huo hakuna ziwa. Kuna miti, majani, vijia vya watu wanaonyoosha miguu, na mto Stillwater unaojipitia zake chini ya tuta ndani ya matundu ya zege. Matundu hayo hayana milango. Hakuna mota, hakuna gurudumu la kuzungusha, hakuna mlinzi anayeamshwa usiku kwenda kufungua au kufunga. Yako wazi tangu bwawa lilipokamilika mwaka 1922.

Hilo ni bwawa la Englewood. Ndugu zake ni wanne: Taylorsville, Huffman, Germantown na Lockington, na yote yamejengwa kwa namna hiyo hiyo. Mtu anayetaka kuijua Dayton kwa kawaida hupelekwa kwenye duka la baiskeli la akina Wright, nyumba ya mshairi Paul Laurence Dunbar na jengo la zamani la mahakama. Mimi naona aanzie kwenye matuta haya, maana karibu kila jina kubwa la mji huo linagusana nayo kwa njia moja au nyingine.

Dayton imekaa mahali pabaya, na wakazi wake walilijua hilo tangu mwanzo. Mito mitatu, Great Miami, Stillwater na Mad, pamoja na kijito cha Wolf, inakutania ndani ya mji, kisha Great Miami inapinda katikati ya mitaa kabla ya kuelekea kusini. Israel Ludlow alipopima viwanja hapo mwaka 1795, wenyeji wa asili walikuwa wamekwisha kuwaonya wageni kwamba tambarare hiyo huliwa na maji. Viwanja vikauzwa hata hivyo. Mji ulifurika mwaka 1805, ukafurika tena 1828, 1847, 1866 na 1898. Kila mara dawa ilikuwa ile ile: tuta la kando ya mto liongezwe kimo. Na tuta likiongezwa kimo, watu hujenga karibu zaidi na mto, kwa kuwa sasa panaonekana salama.

Kufikia 1910 Dayton ilikuwa na watu wapatao 116,000, na wengi waliishi kwa kazi za karakana. James Ritty, mwenye baa aliyechoka kuibiwa na wahudumu wake, alibuni hapo mwaka 1879 mashine ya keshia, ile yenye droo inayolia kengele. Biashara hiyo ikaja kununuliwa mwaka 1884 na John H. Patterson, aliyeipa jina la National Cash Register na kuifanya kampuni kubwa kuliko zote mjini. Ndugu wawili wenye duka la baiskeli, Wilbur na Orville Wright, waliunda ndege. Charles Kettering na Edward Deeds waliondoa mkono wa chuma uliotumiwa kuwashia gari kwa kuuzungusha, wakaweka kiwashio cha umeme kilichoingia katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Dunbar, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa Kentucky, alisoma darasa moja na Orville. Mwaka 1890 akina Wright walimchapia gazeti lake dogo, na baada ya shule, kwa kuwa ofisi hazikumtaka mtu mweusi, akawa mwendesha lifti huku akiandika mashairi. Alifariki mwaka 1906 akiwa na miaka 33. Ulikuwa mji wa watu wenye mikono mizuri na vichwa vyepesi, na wote hao walilala nyuma ya matuta ya udongo yasiyotosha.

Mvua ilianza siku ya Pasaka, Jumapili tarehe 23 Machi 1913. Ardhi ilikuwa imeshashiba maji, kwa hiyo karibu yote iliyonyesha iliteremka moja kwa moja mtoni. Katika siku chache zilianguka kati ya milimita 200 na 280. Jumanne asubuhi, tarehe 25, maji yalipanda juu ya matuta, kisha matuta yakakatika. Katikati ya mji kina kilifika kama mita sita. Watu walipanda ghorofani, ghorofani pasipotosha wakapanda darini, darini pasipotosha wakatoboa paa na kukaa juu yake kwenye baridi. Mabomba ya gesi yalipasuka, moto ukazuka katikati ya mji, na wazima moto hawakuweza kuufikia kwa sababu ya maji. Yaani mtu alikuwa akiangalia nyumba ya jirani ikiungua huku yeye mwenyewe akiogopa kuzama. Habari zilimfikia gavana wa Ohio, James M. Cox, kwa sababu mfanyakazi mmoja wa simu aliyekwama ndani ya jengo la kampuni yake aliunga vifaa vyake kwenye waya uliokuwa bado mzima, akawa anamweleza gavana anachokiona dirishani. Cox hakuhitaji kuchorewa ramani: yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Dayton, mwenye gazeti la Dayton Daily News.

Zaidi ya watu 360 walikufa. Nyumba kama 20,000 ziliharibika kabisa, na watu wapatao 65,000 walikosa pa kukaa. Walikufa pia farasi karibu 1,400, na ndio waliokuwa wakivuta mizigo ya mji, hivyo hata kazi ya kuzoa tope ilikosa nguvu za kuifanya.

Patterson ni mhusika ambaye mtunzi wa hadithi angeogopa kumbuni. Mwezi mmoja tu kabla ya gharika, yeye na wakubwa wenzake kadhaa wa kampuni, akiwemo kijana Thomas J. Watson ambaye baadaye angeijenga IBM, walitiwa hatiani mahakamani kwa kuua ushindani wa biashara kwa njia chafu. Patterson alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Alikuwa nje akisubiri rufaa. Alfajiri ya Jumanne ile, kabla matuta hayajakatika, aliwaita wakubwa wa kiwanda na kuwaambia kwamba kazi ya kutengeneza mashine imesimama. Kuanzia saa hiyo kiwanda ni cha kuokoa watu. Mafundi seremala wakaanza kupigilia mashua za chini bapa, na kabla ya mambo kutulia walikuwa wametengeneza karibu 300. Kiwanda kilikuwa kwenye mwinuko kusini mwa mji na kilikuwa na umeme wake na maji yake, kwa hiyo kikageuka mara moja kuwa hospitali, jiko na malazi. Watson, akiwa New York, alikusanya misaada na kuituma kwa treni.

Watu waliandika kumwomba Rais Wilson amsamehe Patterson. Yeye mwenyewe alisema hataki msamaha, anataka haki yake mahakamani, na mwaka 1915 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu. Sidhani inafaa kumpaka rangi moja mtu huyu. Aliyewabana wapinzani wake kibiashara hadi wafe ndiye aliyekuwa na tabia ya kuamuru watu 7,000 wabadili kazi kwa asubuhi moja na wakatii. Tabia ni ile ile.

Upande wa magharibi wa mji, mtaa wa Hawthorn, Orville Wright na dada yake Katharine walilazimika kuikimbia nyumba, huku baba yao mzee akiokolewa kwa mashua. Wilbur hakuwepo tena. Homa ya matumbo ilikuwa imemuua mwaka uliotangulia. Nyuma ya duka kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda makasha yenye vipande vya ile ndege yao ya kwanza ya injini, iliyoruka Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, tarehe 17 Desemba 1903. Vilikaa ndani ya maji na tope siku 11. Humo pia zilikuwemo sahani za kioo za picha zao. Sahani ya picha maarufu kuliko zote, ile inayoonyesha ndege imeinuka kidogo tu kutoka ardhini na Wilbur amesimama pembeni, ililika kwenye kona. Sehemu yenye ndege ilibaki. Picha hiyo imechapishwa katika vitabu vya shule dunia nzima, na wachache wanaoiangalia wanajua kwamba kovu lile la pembeni liliachwa na mto Great Miami.

Tope lilipoanza kukauka ndipo kisa chenyewe kinaanza. Watu waliokuwa darini walikuwa wameapa kwamba, wakipona, hawatakubali tena. Apizo la namna hiyo kwa kawaida huyeyuka na jua la kwanza. Safari hii waliokuwa wakikusanya pesa walilikamata na kulifanya kauli mbiu ya harambee: kumbukeni ahadi mlizotoa mkiwa darini. Kwenye jengo la zamani la mahakama, lile la mawe lenye nguzo za Kigiriki lililojengwa mwaka 1850, waliweka mfano mkubwa wa mashine ya keshia uliokuwa ukionyesha kiasi kilichofikiwa. Mwishoni mwa Mei 1913, miezi miwili baada ya maziko, walikuwa wameahidi zaidi ya dola milioni mbili. Serikali kuu ya Washington haikutoa kitu kwa ajili ya ujenzi huu, wala hapakuwa na sheria ya kuilazimisha itoe.

Kwa pesa hizo walimwajiri Arthur Morgan. Hakuwa na shahada ya chuo. Alijifunza uhandisi wa maji kazini, Minnesota na kisha kusini, ambako alikuwa na kampuni yake Memphis. Wakubwa wa Dayton walitaka wachimbaji waanze kesho. Morgan alitaka kwanza kujua jambo moja: mvua kubwa kuliko zote inayoweza kunyesha hapa ni kiasi gani? Rekodi za Marekani zilikuwa fupi mno kwa swali hilo, hivyo alituma watu wakachimbue za Ulaya, kwenye mito ambayo watu wameandika vimo vya mafuriko yake kwa karne nyingi. Akaamua kwamba kazi ipimwe kwa gharika ya 1913 na nyongeza ya asilimia 40 juu yake.

Kupanua mto ndani ya mji hakungetosha, maana ili maji yote yale yapite ingebidi nusu ya katikati ya mji ibomolewe, mji unaookolewa ulipe kwa kufa. Ndipo likaja wazo la kuyazuia maji huko juu, mtoni, kabla hayajakutana. Hesabu yake ni rahisi kueleza. Tundu la zege chini ya tuta limepimwa kwa upana ambao, hata likijaa kabisa, haliwezi kupitisha maji mengi kuliko mto wa mjini unavyoweza kubeba. Siku za kawaida mto unapita kana kwamba tuta halipo. Ikija mvua kubwa, kinachozidi uwezo wa tundu kinarudi nyuma na kutanda mashambani, kisha kinashuka pole pole kwa siku kadhaa hadi bonde likauke tena. Yatokapo chini ya tuta maji yana kasi ya kuchimba mto, kwa hiyo wahandisi walitengeneza ngazi za zege za kuyavunja nguvu, na walizijaribu kwa mifano midogo katika bwawa la kuogelea nyumbani kwa Deeds.

Kwa nini basi wasiweke milango? Hapa ndipo naona akili ya Morgan iling'ara kuliko penginepo. Bwawa lenye milango lina thamani ya pesa: mtu atataka maji ya umeme, mwingine ya mji, mwingine ya kuvulia samaki, na kila mmoja atataka liwe limejaa. Bwawa la kuzuia mafuriko linafaa tu likiwa tupu. Ukishaweka mlango, umeweka pia kamati ya kubishana kuhusu mlango, na usiku wa mvua mtu mmoja aliyesinzia anashika maisha ya mji. Tundu lisilo na mlango halina wa kushawishiwa. Tena watu wa Dayton waliliogopa neno lenyewe bwawa, kwa sababu kila mtu alikumbuka Johnstown, Pennsylvania, ambako mwaka 1889 bwawa lililotunzwa vibaya na klabu ya matajiri lilipasuka na kuua watu zaidi ya 2,200. Kuwaambia kwamba haya hayatakuwa na ziwa nyuma yake kulisaidia.

Haikutosha kuwashawishi wa juu ya mto, na wala isingetosha. Dayton ilikuwa ikiwaambia wakulima wa wilaya za kaskazini kwamba mashamba yao yatafunikwa maji ili maduka ya mjini yasifunikwe. Sheria iliyoruhusu jambo hilo, Sheria ya Hifadhi ya Ohio, ilitiwa saini na Gavana Cox Februari 1914. Iliruhusu kuundwa kwa mamlaka ya bonde zima yenye uwezo wa kutwaa ardhi na kutoza wenye mali. Wapinzani walikwenda mahakamani, wakashindwa katika Mahakama Kuu ya jimbo. Walijaribu kuifuta sheria bungeni mwaka 1915, wakashindwa tena. Mamlaka ya Hifadhi ya Miami ikazaliwa mwaka huo huo, na mwisho wa 1916 jopo la majaji kutoka wilaya za bonde likaupitisha mpango.

Simulizi za Dayton mara nyingi huwataja wapinzani hawa kama watu waliochelewesha maendeleo. Mimi siwaoni hivyo. Gavana alikuwa wa Dayton, pesa za Dayton, mhandisi wa Dayton, na fidia ingepangwa na chombo ambacho Dayton ilikiomba. Mtu mwenye shamba huko Shelby, wilaya ya kaskazini, angekuwa mjinga kutouliza maswali. Kilichouokoa mpango kwa haki, nadhani, ni namna ya kulipa: gharama, zaidi ya dola milioni 30, zilikopwa kwa hatifungani na kurudishwa na wenye mali kulingana na faida ambayo kila kiwanja kilipata kwa kulindwa. Aliyelindwa sana alilipa sana. Mashamba yaliyotwaliwa nyuma ya matuta mengi yaliuzwa tena kwa wakulima kwa sharti kwamba walime lakini wasijenge, na ekari kama 35,000 ziko chini ya masharti ya aina hiyo hadi leo.

Lakini kuna watu ambao hakuna hesabu ya kiwanja iliyowatosha. Nyuma ya eneo la bwawa la Huffman kulikuwa na mji mdogo wa Osborn, wenye reli yake, makanisa yake na mamia ya nyumba. Ungekaa ndani ya eneo la maji. Wakazi walipewa nafasi ya kununua nyumba zao wenyewe na kuzihamisha, na wengi walifanya hivyo hasa: nyumba ziliinuliwa zikawekwa juu ya magurudumu na kukokotwa maili chache hadi kando ya mji wa Fairfield. Miji hiyo miwili ikaungana mwaka 1950, na majina yao yakakatwa na kuunganishwa yakawa Fairborn. Osborn imebaki silabi.

Ujenzi ulianza 1918, vita vikiendelea, na kwa wafanyakazi Morgan alijenga vijiji vyenye nyumba za familia, shule na umeme badala ya mabanda ya kambi. Baadaye aliongoza chuo cha Antioch kilicho jirani, kisha Rais Roosevelt akamfanya mwenyekiti wa kwanza wa mamlaka ya mabwawa ya Tennessee. Mji wenyewe ulikuwa umebadilika pia. Mwaka 1913 wapiga kura walipitisha katiba mpya ya mji, na kuanzia Januari 1914 Dayton ikawa mji mkubwa wa kwanza Marekani kuendeshwa na meneja aliyeajiriwa, Henry Waite, badala ya meya mwenye madaraka.

Tangu 1922 matuta yamezuia maji zaidi ya mara 2,000, na katikati ya Dayton hapajafurika tena na mito hiyo. Kuna kichekesho kichungu ndani ya takwimu hiyo. Mwaka 1960 mji uliolindwa ulikuwa na watu 262,000. Sensa ya 2020 ilihesabu 137,644. Viwanda vilivyochangia pesa za matuta vimeondoka, na mwaka 2009 hata kampuni ya Patterson ilitangaza kuhamishia makao yake Georgia. Bwawa linazuia mto tu.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Ndege iliyoruka Kitty Hawk ilikuwa bado haijui kukata kona vizuri. Akina Wright walijifunza kuruka kwa kweli nyumbani, mwaka 1904 na 1905, kwenye malisho ya ng'ombe ya mwenye benki mmoja aitwaye Torrence Huffman, kilomita chache mashariki ya mji. Hapo ndipo, tarehe 5 Oktoba 1905, Wilbur alizunguka hewani dakika 39 na kwenda zaidi ya kilomita 38 bila kutua. Malisho hayo yako ndani ya eneo la maji la bwawa la Huffman. Mamlaka ya bonde iliyatwaa, jeshi likayakodi mwaka 1917 kwa ajili ya kufundishia marubani, na kutokana na viwanja hivyo na vya jirani ikakua kambi ya anga ya Wright-Patterson. Patterson wa jina hilo ni Frank, mpwa wa yule wa mashine za keshia, rubani kijana aliyekufa mwaka 1918 mabawa ya ndege yake yalipokatika hewani. Katika kambi hiyo ndipo viongozi wa Bosnia, Serbia na Kroatia walifungiwa wiki tatu mwaka 1995 hadi wakakubaliana kumaliza vita.

Kambi ilijenga njia zake za kurukia mahali pengine. Malisho yenyewe hayakujengwa nyumba, maana hapo hakuna anayeruhusiwa kujenga, na mto Mad una haki ya kurudi wakati wowote. Leo ni uwanja wa nyasi wenye bendera ndogo nyeupe kwenye kona, zikionyesha mahali Wilbur alipokuwa akigeuza ndege, na kibanda cha mbao kilichoigwa kile cha 1905.